UZI: Picha za waliouawa. Nani ana haki ya kusema zisichapishwe?

1/ Kila kukitokea shambulio, ajali kubwa ama maandamano ya kumwaga damu, mjadala huwa ni ule ule. Picha inatokea. Mmoja anasema, "Toeni hiyo picha, huyo ni mtoto wa mtu!" Mwingine anajibu, "Wacha ikae, kwani mnaficha nini?" Halafu kiongozi fulani anapanda jukwaani na kutaka sheria kali ipitishwe. Leo tuufungue mjadala huu taratibu. Kama kawaida yetu hapa, hakuna jina la mwanasiasa wala chama. Vuta kiti.

2/ Shida ya kwanza ni kwamba tunachanganya maswali mawili. Swali la kwanza: je, ni utu kuichapisha picha hii? Swali la pili: je, serikali ipewe uwezo wa kuizuia? Unaweza kujibu LA kwa yote mawili na usijipinge hata kidogo. Yaani unaweza kumkasirikia mhariri mpaka ukaacha kusoma gazeti lake, na bado ukakataa polisi wapewe kazi ya kuchagua picha. Shika hapo kwanza.

3/ Tuanze na kisa ambacho wengi wetu tunakikumbuka. Januari 15, 2019, magaidi wa al-Shabaab walivamia hoteli ya DusitD2 na ofisi zilizo karibu nayo, 14 Riverside, Nairobi. Watu 21 waliuawa. Hata kabla operesheni haijaisha, gazeti la New York Times la Marekani likaweka kwenye tovuti yake picha ya watu waliouawa wakiwa mkahawani, wamelalia meza walizokuwa wamekaa.

4/ Fikiria saa hiyo. Kuna familia zilikuwa nje ya kizuizi cha polisi, zingine kwenye hospitali, zinapiga simu isiyoshikwa. Watetezi wa ile picha walisema nyuso hazionekani vizuri. Lakini mtu anayetafuta ndugu yake hahitaji uso. Shati analijua. Kiatu anakijua. Kuna tofauti kubwa kati ya kupewa habari ya msiba na mtu aliyekuketisha chini, na kuipata ukipitisha kidole kwenye simu.

5/ Wakenya mtandaoni waliwaka moto. Baraza la Vyombo vya Habari likaliandikia gazeti hilo, likatoa saa 24: ondoeni picha na muombe radhi, la sivyo vibali vya wanahabari wenu vitasimamishwa. Gazeti lilisema linaelewa uchungu wa watu, lakini likakataa kuiondoa. Hoja yake ilikuwa kwamba wasomaji wanafaa kuona ukweli wa ugaidi ulivyo, na kwamba hutumia kipimo kimoja mahali popote duniani.

6/ Hapo kwa "kipimo kimoja" ndipo Wakenya wengi waligoma. Swali lilikuwa: mngeweka picha kama hii ikiwa waliolala mezani ni Wamarekani? Swali zuri, na jibu lake lina pande mbili. Kweli, waliouawa Afrika na Asia huonyeshwa kwenye magazeti ya Magharibi kwa urahisi kuliko wa kwao. Lakini pia Septemba 12, 2001, gazeti hilo hilo lilichapisha picha ya mtu akianguka kutoka majengo pacha ya New York. Magazeti ya huko yaliyoitumia yalikemewa vikali na wasomaji, na mengi hayakuirudia tena.

7/ Unaona kitu hapo? Hasira ya msomaji wa Marekani mwaka 2001 na hasira ya Mkenya mwaka 2019 ni ya aina moja. Si kwamba sisi hatupendi uhuru wa habari ama hatujazoea demokrasia, kama wengine walivyotuambia kwa dharau. Ni kwamba marehemu akiwa wa kwenu, hutaka aonwe na dunia katika dakika yake mbaya zaidi.

8/ Na tusijifanye ni wageni peke yao. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa, gazeti moja kubwa la humu humu nchini liliomba radhi kwa picha ya ukurasa wa kwanza iliyomwonyesha mwanamke aliyejeruhiwa akiwa katika uchungu mkali. Wasomaji walilalamika, gazeti likasikia. Hakuna askari aliyetumwa huko. Kumbuka jambo hilo, maana ni mfano wa kosa la maadili kurekebishwa bila pingu.

9/ Sasa tuulize: ni nani hasa anayekosea picha ikichapishwa vibaya? Wengi humrukia mpigapicha. Kwa kisa cha Dusit, mwandishi mmoja alishambuliwa hadi watu wakataka afukuzwe nchini, ilhali picha haikuwa yake. Ilitoka kwa shirika la habari, ambalo huuzia magazeti mengi. Mpigapicha hupiga. Shirika husambaza. Mhariri wa picha huchagua. Mwingine huandika maelezo ya chini. Halafu sisi tunamalizia kazi kwenye magrupu ya WhatsApp.

10/ Kwa hivyo kupiga na kuchapisha ni maamuzi mawili tofauti. Mpigapicha aliye mahali pa tukio hana dakika ya kufanya semina ya maadili. Wengi wao hufuata kanuni rahisi: piga sasa, jadili baadaye. Usipopiga, ushahidi umepotea kabisa. Ukipiga na usichapishe, upo kwenye hifadhi, na siku moja mahakama ama tume inaweza kuuhitaji. Anayefaa kubanwa zaidi ni yule aliye ofisini, mwenye muda, chai na njia ya kuuliza wenzake.

11/ Upande wa "zichapishwe" una hoja nzito, tusiupuuze. Oktoba 1984, mpigapicha Mkenya Mohamed Amin alipiga filamu ya njaa kule Korem, Ethiopia. Ilipoonyeshwa na BBC, dunia iliyokuwa imelala ikaamka. Misaada ikamiminika, na mwaka uliofuata likaja tamasha kubwa la Live Aid. Takwimu za njaa zilikuwepo kabla ya hapo. Ni nyuso za watu zilizofanya takwimu zisikike.

12/ Karibu na nyumbani zaidi: Juni 17, 2025, katikati ya jiji la Nairobi, kijana muuza barakoa alipigwa risasi na polisi akiwa ameshika bidhaa zake. Aliaga hospitalini siku chache baadaye. Kamera zilikuwa hapo. Bila zile picha na video, unajua taarifa ingesomaje: "mwandamanaji mwenye vurugu" ama "risasi isiyojulikana ilikotoka". Kwa sababu zilikuwepo, polisi mmoja alishtakiwa kwa mauaji.

13/ Na ile ya Juni 25, 2024, pale Bungeni. BBC ilipotengeneza filamu kuhusu waliowapiga risasi waandamanaji siku hiyo, ilichambua picha zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa za wananchi wa kawaida na simu zao. Hapo picha si mapambo ya habari. Ni saa, ni mahali, ni sare, ni bunduki imeelekezwa wapi. Ukisema "picha za waliokufa zisionekane kamwe", jiulize ni nani atakayelala usingizi mzuri.

14/ Upande wa "zisichapishwe" nao una hoja, na si hoja ya machozi tu. Maiti haiwezi kukataa kupigwa picha. Mtoto anayelia kando yake hawezi kutia sahihi. Picha ikishaingia mtandaoni haitoki. Yule mtoto ataikuta akiwa kidato cha pili, imewekwa kama mzaha na mwenzake. Pia magaidi wanataka hofu isambae. Kuna picha ambazo wao wenyewe hupiga ili sisi tuwasaidie kuzitangaza bure.

15/ Katiba ya 2010 inasemaje? Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kifungu cha 34 kinalinda vyombo vya habari dhidi ya kuingiliwa na serikali. Uhuru huo hauhusu propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Halafu Kifungu cha 28 kinalinda utu wa kila mtu, na cha 31 kinalinda faragha. Sasa soma tena hiyo orodha. Hakuna mahali imeandikwa "picha inayoaibisha serikali".

16/ Na mtu akitaka kupunguza haki hizo, Kifungu cha 24 kinamtaka afanye hivyo kwa sheria, kwa kiasi, na kwa sababu inayokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Si kwa simu ya usiku kwa mhariri. Si kwa barua ya kutisha kuhusu leseni. Mzigo wa kueleza uko kwa anayezuia, sio kwa anayesema.

17/ Wengi hawajui kwamba sheria ile wanayoitaka viongozi fulani baada ya kila shambulio tayari iliwahi kupitishwa. Desemba 2014, baada ya mauaji ya Mandera, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katika kikao cha vurugu tupu. Ndani yake mlikuwa na kifungu hiki: ukichapisha picha ya mwathiriwa wa ugaidi bila idhini ya polisi NA ya mwathiriwa, unaweza kufungwa hadi miaka 3, ama kutozwa faini hadi Sh5 milioni, ama yote mawili.

18/ Soma tena polepole. Idhini ya polisi na ya mwathiriwa. Aliyeuawa atatoa idhini vipi? Hawezi. Kwa hivyo kwa waliouawa, kifungu hicho kilikuwa marufuku kamili. Na familia ya marehemu haikutajwa. Yaani mama mzazi akitaka dunia ione jinsi mwanawe alivyouawa, ruhusa hana. Na kwa aliyenusurika je? Hata yeye akikubali picha yake ichapishwe, bado asubiri polisi nao wakubali. Heshima ya mwathiriwa ilikuwa imechukuliwa kwa familia na kuwekwa kwenye droo ya ofisi.

19/ Februari 23, 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walitupilia mbali vifungu 8 vya sheria hiyo, na hiki kilikuwa kimojawapo. Walisema kinakiuka uhuru wa kujieleza na wa vyombo vya habari. Kwa hivyo kiongozi akikuambia "tunahitaji sheria ya kuzuia picha hizi", mwambie kwa upole: mheshimiwa, hiyo barabara tulishapita, na mahakama ikaweka kizuizi.

20/ Mbona kuogopa sana? Kwa sababu lugha ya heshima hutumika pia kuficha hesabu. Tazama Marekani. Kuanzia 1991 hadi 2009, wanahabari walikatazwa kupiga picha majeneza ya wanajeshi yakiteremshwa katika kambi ya Dover. Sababu iliyotolewa: faragha ya familia. Wapinzani walisema: mnaficha gharama ya vita. Mwaka 2009 marufuku ikaondolewa, na uamuzi ukapewa kila familia. Ikikubali, kamera ziingie. Ikikataa, zibaki nje.

21/ Huo ndio mpangilio ninaoutaka uuone. Kama kweli ni heshima ya familia, basi familia iulizwe. Hapa kwetu, Januari 15, 2016, kambi ya wanajeshi wetu ilishambuliwa El Adde, Somalia. Serikali ilionya watu wasisambaze picha za waliouawa, na kwa sehemu walikuwa sahihi kabisa: nyingi zilikuwa propaganda ya wauaji. Lakini mwanahabari mmoja naye akakamatwa, na miaka ikapita bila jeshi kutangaza idadi kamili ya waliokufa. Heshima ilifunika picha, halafu ikafunika hesabu pia.

22/ Mfano wa karibuni zaidi: Juni 25, 2025, siku ya kumbukumbu ya maandamano ya mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza runinga na redio ziache kutangaza maandamano moja kwa moja. Ilitaja vifungu vile vile, cha 33 na cha 34. Mitambo ya vituo kadhaa ikazimwa. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Tazama vizuri: hakuna aliyekuwa ametaja picha fulani mbaya. Kilichozimwa ni jicho lenyewe, kabla halijaona chochote.

23/ "Sasa, tukikataa marufuku, mwenye uchungu aende wapi?" Swali la haki. Kwanza, aandikie chombo chenyewe. Mhariri anayejali huondoa picha ama huifunika uso. Pili, Baraza la Vyombo vya Habari lina tume ya malalamishi, na kanuni za maadili zinawataka wanahabari wawe na huruma kwa walio kwenye msiba na wawalinde watoto. Tatu, kuna mahakama, kwa kuvunjiwa utu ama faragha.

24/ Nne, kuna Kamishna wa Kulinda Data, hasa kwa picha zisizo za habari. Sheria ya 2019 huwapa wanahabari nafasi pale ambapo kuna manufaa ya umma, lakini haimpi kila mtu nafasi hiyo. Septemba 2023, klabu moja ya burudani Nairobi ilitozwa faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh4.55 milioni kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Katika njia hizi zote, anayeinuka kulalamika ni mwenyewe aliyeumizwa ama wake. Si mkubwa aliyeaibika.

25/ Kwa mhariri, haya ndiyo maswali ya kujiuliza kabla ya kubonyeza. Je, anatambulika, hata kwa nguo ama tatuu? Familia imeshaambiwa? Bila picha hii, umma utakosa kujua kitu gani ambacho maneno hayawezi kubeba? Je, kuna picha nyingine inayosema ukweli ule ule, labda kiatu kilichobaki ama mlango uliotobolewa kwa risasi? Je, lazima iwe ukurasa wa kwanza, ama ndani, pamoja na onyo? Na kama angekuwa wa kwenu, bado ungebonyeza?

26/ Angalia swali la tatu kwa makini, ndilo linalotenganisha kesi. Kwa picha ya Dusit, hakuna mtu aliyekuwa anabisha kwamba watu wameuawa. Kila mtu aliamini. Picha haikuongeza ujuzi, iliongeza uchungu. Kwa yule muuza barakoa, kulikuwa na hatari ya kweli kwamba tukio lingekanwa. Hapo picha ndiyo iliyokuwa shahidi. Damu ni ile ile, lakini kazi ya picha ni tofauti. Mimi nipime hivyo: kadiri ukweli unavyoweza kukanwa, ndivyo picha inavyopata haki ya kuonekana.

27/ Hata hapo, si lazima kuonyesha kila kitu. Unaweza kumwonyesha aliyeshika bunduki wazi wazi na kufunika uso wa aliyepigwa. Cha ajabu ni kwamba magazeti mengi hufanya kinyume: mwathiriwa anaonekana hadi kovu, halafu afisa anafichwa uso. Mkiona hivyo, lalamikeni. Hapo ndipo presha yetu kama wasomaji inafaa kwenda.

28/ Na sisi je? Mhariri ana bosi, ana kanuni, ana baraza. Wewe mwenye simu una dole gumba tu. Ukipata picha ya mtu aliyeuawa, ihifadhi ikiwa ni ushahidi, uipeleke kwa familia, wakili, ama mashirika yanayochunguza, kama vile IPOA ikiwa polisi wamehusika. Usiiweke status ati "RIP" na emoji ya mshumaa. Kumlilia mtu usiyemjua kwa kuonyesha kichwa chake kilichopasuka si kumlilia.

29/ Kwa hivyo siku nyingine ukisikia kiongozi, wa upande wowote, akisema picha fulani "ni aibu kwa nchi" na itolewe, muulize mambo matatu. Ni nani aliyelalamika, familia ama ofisi? Je, unataka uso wa marehemu ufunikwe, ama unataka tukio lisijulikane? Na ukishaiondoa picha, je, utatupa majina, idadi na aliyefyatua risasi? Anayejibu hayo bila kupepesa macho, huyo anajali marehemu. Anayekasirika kwa kuulizwa, ushajua.

30/ Mwisho wa uzi. Kama hukubaliani na kipimo changu cha namba 26, njoo na chako hapo chini, tubishane kwa adabu. Wanahabari na wapigapicha mlio hapa, tuambieni jinsi mnavyoamua mkiwa kazini. Hilo hatulisikii vya kutosha. Uzi ujao ni kuhusu maoni mengi mliyotuma juu ya matamshi ya chuki: mpaka wake hasa ni upi? Sambaza uzi huu. Ile picha, wacha ikae hapo.